Askari Mpanda Farasi wa Ireland Katika Karne ya 19: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unamhusu askari wa kawaida, yule asiye na cheo, aliyeamka alfajiri akaanza siku kwa kuzoa samadi. Majemadari na mabwana wakubwa wameandikiwa vya kutosha, kwa hiyo hapa watatajwa pale tu walipomgusa yeye.

## Mambo ya msingi

Alikuwa akitumikia jeshi la nani?

Jeshi la Uingereza. Tangu tarehe 1 Januari 1801 Ireland ilikuwa imeunganishwa rasmi na Uingereza chini ya mfalme mmoja na bunge moja la London, na haikuwa na jeshi lake. Kijana wa Cork, Galway au Mayo aliyetaka kuwa askari bila kuvuka bahari alikuwa na mlango huo mmoja. Walikuwapo pia Wairishi waliopigana chini ya bendera nyingine, hasa ya Marekani. Hao wana swali lao chini.

Wairishi walikuwa wengi kiasi gani jeshini?

Wengi kupita wanavyodhani watu wa leo. Mwaka 1830, kati ya kila askari 100 wasio maofisa katika jeshi la Uingereza, 42 walikuwa Wairishi, ilhali Ireland ilikuwa na theluthi moja hivi ya watu wa ufalme wote. Kufikia mwisho wa karne walikuwa wameshuka hadi 13 hivi katika kila 100. Sababu kubwa haikuwa kulichukia jeshi. Watu wenyewe walikuwa wamepungua. Sensa ya 1841 ilihesabu zaidi ya watu milioni 8 Ireland, na ya 1901 ikakuta milioni 4 na nusu hivi. Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852 iliua kama milioni moja na kuwafukuza wengine milioni moja ng'ambo, na merikebu za kwenda Marekani hazikukoma baada ya hapo.

Vikosi gani vya farasi vilibeba jina la Ireland?

Vinavyotajwa zaidi ni 4th Royal Irish Dragoon Guards, 5th Royal Irish Lancers, 6th Inniskilling Dragoons na 8th King's Royal Irish Hussars. Jina lisikupoteze, lakini. Katika vikosi hivyo walikuwamo Waingereza na Waskoti wengi, na Wairishi nao walijaa katika vikosi visivyo na jina lao, maana kikosi chochote kilichopangwa kukaa Dublin au Newbridge kiliandikisha vijana wa hapo hapo.

Kikosi cha 5 kina historia ya peke yake. Kilivunjwa mwaka 1799 kwa tuhuma kwamba waasi wamejipenyeza ndani yake, nafasi yake ikaachwa wazi kwa karibu miaka 60, kisha kikaundwa upya mwaka 1858.

Dragoni, husari na lansa wanatofautianaje?

Kwa kifupi, dragoni wazito walikuwa watu wakubwa juu ya farasi wakubwa, kazi yao kuvunja safu za adui kwa uzito. Husari walikuwa wepesi, wa kupeleleza na kufukuza. Lansa walikuwa wepesi pia, ila walibeba mkuki mrefu. Wote walikuwa na upanga, na wengi walikuwa na bunduki fupi. Kadiri karne ilivyosonga mbele tofauti hizo zilibaki zaidi kwenye sare kuliko kwenye kazi.

## Kujiunga

Kwa nini Mkatoliki wa Ireland alitumikie taji la Kiprotestanti?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na hasira hiyo naielewa. Lakini tumtazame kijana mwenyewe alivyokuwa. Baba amekodi shamba dogo la bwana asiyemwona, shamba lenyewe litarithiwa na kaka mkubwa, na mazao ni viazi. Jeshi linatoa nguo, mkate kila siku na nyama. Kijana wa namna hiyo hakukaa kupima taji na dini. Alikuwa na njaa.

Wapo pia waliovutwa na farasi, na hili wanahistoria wengi wanalipita haraka mno. Ireland ni nchi ya farasi. Mvulana aliyekulia karibu na mnada wa Ballinasloe, ambako farasi waliuzwa kwa maelfu na jeshi lenyewe likapata wake, aliwajua wanyama hawa tangu hajajua kusoma. Kwake kikosi cha farasi kilikuwa kazi anayoiweza, na yenye heshima kuliko kuchimba mitaro.

Kuhusu ibada, mwanzoni mwa karne Wakatoliki waliwahi kulazimishwa kuhudhuria sala za Kianglikana. Baadaye walipelekwa misa yao kwa gwaride, na mapadri wao wakatambuliwa rasmi na jeshi.

"Shilingi ya Malkia" ni nini?

Ni shilingi moja aliyopewa mtu na sajini mwandikishaji kama alama ya kukubali. Kuandikisha kulifanyika zaidi baa na minadani, sajini akiwa na utepe kofiani na maneno matamu mdomoni. Sheria iliweka kinga kidogo: kuruta hakuapishwa mbele ya hakimu mpaka yapite saa 24. Aliyeamka pombe imemtoka akajuta aliweza kujinasua kwa kulipa faini ya pauni moja. Ila kijana aliyeingia jeshini kwa sababu ya ufukara angeitoa wapi pauni moja?

Aliandikishwa kwa miaka mingapi, na angeweza kutoka mapema?

Kabla ya 1847 kwa kawaida alijifunga kwa maisha, yaani mpaka achakae. Sheria ya mwaka huo ilipunguza kifungo kikawa miaka 10 kwa askari wa miguu na 12 kwa mpanda farasi, na akitaka anaongeza mpaka apate pensheni. Mwaka 1870 yakaja mageuzi ya waziri Cardwell: miaka 12, sehemu yake akiwa kikosini na iliyobaki nyumbani kama askari wa akiba.

Kutoka mapema kuliwezekana kwa kujinunua. Bei kwa mpanda farasi katikati ya karne ilifika pauni 30, zaidi ya mshahara wake wote wa mwaka mzima. Wengi walichagua kutoroka.

## Maisha ya kambini

Siku yake ilikwendaje?

Ilikwenda kwa tarumbeta na kwa farasi. Alfajiri mlio wa kwanza, na kabla mtu hajatia kitu tumboni yuko bandani. Anatoa majani machafu ya usiku kwa mikono na uma, anaanika yanayofaa kutumika tena, ananywesha, analisha. Kisha anamsugua farasi kwa kitita cha majani makavu yaliyosokotwa, akiegemeza uzito wake wote mpaka jasho limtoke, halafu brashi, halafu kitambaa machoni na puani. Kwato anazikwangua moja moja, akitafuta kijiwe kilichojificha pembeni mwa kiatu cha chuma. Sajini anapita nyuma yake, anapeleka kiganja kinyume cha manyoya. Vumbi likionekana, kazi inaanza upya.

Ndipo chai ya asubuhi. Baadaye gwaride la farasi au shule ya kupanda, kisha banda mara ya pili adhuhuri, na banda mara ya tatu jioni. Katikati ya hapo kuna tandiko la kupaka sabuni, lijamu na rikabu za kung'arisha, mikanda ya kupaka udongo mweupe, na upanga. Askari wa miguu akimaliza gwaride alisafisha bunduki yake akapumzika. Mpanda farasi alikuwa na kiumbe kinachokula, kunya na kuumwa usiku na mchana, na usiku lazima awepo wa zamu ya banda.

Kwa kuruta hali ilikuwa mbaya zaidi. Kwa miezi kadhaa alifundishwa kupanda, mara nyingi bila rikabu, akizungushwa uwanjani kwa mwendo wa kutikisa mifupa mpaka mapaja yachubuke na kutoa damu. Hata kijana wa Tipperary aliyepanda tangu utotoni alianza upya, maana jeshi halikutaka mtu anayejua kupanda kwa namna yake.

Farasi alikuwa mali yake?

Hapana, alikuwa mali ya serikali, na namba yake ilichomwa kwenye kwato. Lakini kwa kawaida askari alikabidhiwa farasi mmoja akakaa naye miaka, na farasi huyo alimjua kwa sauti. Posho ya mnyama kwa siku ilikuwa kama kilo 4 na nusu za oti na kilo 5 na nusu za nyasi kavu, mbali na majani ya kulalia. Safarini alibeba mtu na mizigo yake yote, kilo 120 au zaidi, kwa hiyo mgongo wenye kidonda ulikuwa kosa zito, na wa kwanza kuulizwa ni mpanda farasi.

Alikula nini na alilala wapi?

Posho rasmi ilikuwa ratili moja (karibu nusu kilo) ya mkate na robo tatu ya ratili ya nyama kwa siku, mfupa na mafuta vikihesabiwa humo. Nyama ilichemshwa kwenye masufuria makubwa, leo, kesho na kesho kutwa. Kwa muda mrefu milo ilikuwa miwili tu, asubuhi na adhuhuri, kisha hakuna kitu mpaka kesho yake. Mlo wa tatu wa jioni uliongezwa rasmi katika miaka ya 1840. Chochote zaidi ya hapo, siagi, jibini au kitunguu, alinunua mwenyewe.

Walilala ukumbini, vitanda vimebanana. Usiku pipa moja la mkojo liliwekwa chumbani kwa wote, na zipo kambi ambako pipa hilo hilo, baada ya kusuuzwa, ndilo lililotumika kunawia asubuhi. Tume ya serikali ya mwaka 1857 iligundua jambo la aibu: askari waliokaa kambini nchini mwao, wakati wa amani, vijana waliopimwa afya kabla ya kuandikishwa, walikuwa wakifa karibu mara mbili ya raia wa umri wao. Wapanda farasi walikuwa na nafuu kuliko wenzao wa miguu, na wengi waliamini ni kwa sababu ya kazi za nje na hewa.

Mshahara ulikuwa kiasi gani?

Askari wa miguu alikuwa na shilingi moja kwa siku, mpanda farasi akamzidi kwa peni chache. Hiyo ni kwenye karatasi. Kabla hajaishika, alikatwa chakula, ufuaji, ukarabati wa sare na hata uharibifu wa jengo la kambi. Makato yalizidi kiasi kwamba ilibidi itolewe amri mwaka 1847 kuwa askari asibakiwe na chini ya peni moja kwa siku. Peni hiyo mara nyingi iliishia kantini, na jeshi lenyewe ndilo lililoruhusu pombe iuzwe mlangoni pake.

Angeweza kuoa?

Kwa ruhusa ya kamanda, na ruhusa ilitolewa kwa wachache, kama 6 katika kila 100. Mke aliyetambuliwa alipata nusu posho na kazi ya kufua nguo za kikosi. Aliishi na mumewe kwenye kona ya ukumbi ule ule, pazia la blanketi likiwatenga na wanaume wengine, na watoto walizaliwa humo humo. Nyumba za wenye ndoa zilianza kujengwa kwa wingi katika nusu ya pili ya karne.

Uchungu mkubwa ulikuja kikosi kilipopangiwa ng'ambo. Wake walipigiwa kura kwa vikaratasi kofiani: wa kwenda, na wa kubaki. Aliyebaki hakuwa na posho wala nauli ya kurudi kwao, na mume angeweza kukaa India miaka kumi. Katika mambo yote ya jeshi hili, hilo naliona la kikatili kuliko viboko.

Aliadhibiwaje?

Makosa madogo yalilipiwa kwa gwaride la ziada au mahabusu. Makubwa yalilipiwa kwa mjeledi, mbele ya kikosi kizima. Mwaka 1846 askari Frederick John White wa 7th Hussars alikufa huko Hounslow baada ya kupigwa viboko 150. Taifa likashtuka, na kiwango cha juu kikashushwa hadi 50. Mwaka 1868 viboko vikafutwa wakati wa amani, na mwaka 1881 kabisa. Mtoro aliyekamatwa alitiwa alama ya herufi D mwilini, desturi iliyokoma mwaka 1871.

Angeweza kupanda mpaka kuwa ofisa?

Ukoplo na usajini, ndiyo. Uofisa, karibu haiwezekani. Mpaka mwaka 1871 vyeo vya uofisa viliuzwa: cheo cha chini kabisa cha kikosi cha farasi kilikuwa na bei rasmi ya pauni 840, na ukapteni pauni 3,225. Hata baada ya biashara hiyo kufutwa, ofisa wa wapanda farasi alihitaji fedha zake binafsi kwa farasi, sare na karamu. William Robertson, Mwingereza aliyejiunga na 16th Lancers kama askari wa kawaida mwaka 1877, aliupata uofisa mwaka 1888 na hatimaye akawa jemadari mkuu. Anatajwa kila mara kwa sababu hakuna wa kumfananisha naye.

## Vitani

Ni kweli Wairishi walikuwapo Balaklava, katika vita vya Crimea dhidi ya Urusi?

Kweli, na katika mashambulizi yote mawili ya tarehe 25 Oktoba 1854. Asubuhi ile Inniskilling pamoja na Scots Greys, kikosi cha Waskoti, watu kama 300, walipanda mlima kuikabili safu ya Warusi iliyowazidi mara nyingi, wenzao wa brigedi nzito wakafuata, na baada ya dakika chache Warusi wakarudi nyuma. Makoti ya Warusi yalikuwa mazito, na panga zilizofanywa butu na ala za chuma mara nyingi zilidunda tu.

Saa chache baadaye brigedi nyepesi, wakiwamo 8th Hussars, ilipelekwa bondeni kwa amri iliyoeleweka vibaya, mizinga ikiwa mbele na pande zote mbili. Katika wapanda farasi 670 hivi, kama 110 waliuawa na 160 wakajeruhiwa. Aliyeipokea amri hiyo na kuipitisha ni Lord Lucan, kamanda wa wapanda farasi wote. Huyu ndiye bwana wa mashamba wa Castlebar, Mayo, aliyewafukuza wapangaji wake kwa maelfu wakati wa Njaa Kuu. Askari aliyetoka Mayo alikuwa na sababu mbili za kumkumbuka.

Nini kiliwaua zaidi, adui au maradhi?

Maradhi, bila ubishi. Katika vita vya Crimea Waingereza walipoteza watu karibu 21,000, na zaidi ya 16,000 kati yao walikufa kwa kipindupindu, kuhara, homa na baridi. Farasi nao waliangamia majira ya baridi ya 1854 na 1855. Nyasi zilikuwa bandarini, maili chache tu, lakini njia ilikuwa tope lisilopitika. Walisimama kwenye theluji bila banda, wakatafunana mikia na manyoya ya shingo kwa njaa. Watu waliowapiga brashi mara tatu kwa siku kwa miaka walilazimika kulitazama hilo.

Maisha ya India yalikuwa tofauti?

Tofauti sana. Kabla Mfereji wa Suez haujafunguliwa mwaka 1869, safari kwa merikebu kupitia Rasi ya Tumaini Jema ilichukua miezi minne au zaidi. Farasi wa zamani waliachwa, wengine wakatolewa huko huko, na kazi za banda zilizomchosha Ireland zilifanywa na saisi wa Kihindi kwa ujira mdogo. Askari aliyezoea kuwa wa chini kabisa ghafla alikuwa na wa kumwamuru, na wengi hawakuitumia nafasi hiyo kwa utu. Joto lilimfungia ndani mchana kutwa, na pombe na homa vikamkuta humo.

Wapo waliopata Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa?

Wapo. Tarehe 17 Juni 1858, karibu na Gwalior, 8th Hussars walishambulia mpaka ndani ya kambi ya wapiganaji wa Kihindi, siku ile ile aliyouawa Rani wa Jhansi, malkia aliyekuwa akiongoza uasi dhidi ya Waingereza. Nishani nne zilitolewa kwa kura za wenyewe kwa wenyewe, na mmoja wa waliochaguliwa ni Sajini Joseph Ward, mzaliwa wa Kinsale, Cork. Mwaka 1881 huko Laing's Nek, Afrika Kusini, John Doogan wa Galway, naye amejeruhiwa vibaya, alishuka akamsihi meja wake achukue farasi wake. Alipigwa risasi nyingine papo hapo. Wa tatu, Thomas Byrne wa Dublin, yuko kwenye swali la Afrika Mashariki.

## Maswali magumu

Alitumwa dhidi ya watu wake mwenyewe?

Ndiyo. Katika miaka ya 1830 wapanda farasi walisindikiza ukusanyaji wa zaka ambayo Wakatoliki walilazimishwa kulilipa kanisa la Kiprotestanti. Huko Rathcormac, Cork, mwezi Desemba 1834, askari waliwafyatulia risasi wanakijiji wakaua. Wakati wa Njaa Kuu walilinda misafara ya nafaka na kusimama karibu nyumba zikibomolewa. Kwa kawaida vikosi vilihamishwa hamishwa, askari asizoeane na watu wa mahali. Haifai kulificha jambo hili, wala kusahau kwamba aliyekataa amri alikutana na yale yaliyoelezwa kwenye swali la adhabu.

Je, walikuwamo wapinzani ndani ya vikosi?

Walikuwamo, na kisa cha John Boyle O'Reilly kinatosha. Alizaliwa Dowth, Meath, mwaka 1844, akajiunga na 10th Hussars mjini Dublin mwaka 1863. Alikuwa askari mzuri na mcheshi, na wakati huo huo alikuwa akiwaapisha wenzake kwa siri katika chama cha Fenian kilichotaka jamhuri. Mwaka 1866 alikamatwa, akahukumiwa kifo na mahakama ya kijeshi, adhabu ikapunguzwa hadi miaka 20 ya kazi ngumu. Alisafirishwa Australia Magharibi, akafika mwanzoni mwa 1868, na mwaka uliofuata akatoroka kwa meli ya wavuvi wa nyangumi. Alifia Marekani mwaka 1890 akiwa mhariri na mshairi mashuhuri wa Boston.

Hakuwasahau wenzake. Alikuwa mmoja wa waliosaidia kupanga safari ya meli Catalpa, iliyowachukua wafungwa sita wa Fenian kutoka Australia mwaka 1876. Wawili kati yao, James Wilson na Martin Hogan, walikuwa wapanda farasi wa 5th Dragoon Guards.

Na Wairishi wa vikosi vya farasi vya Marekani?

Walikuwa wengi, hasa baada ya Njaa Kuu. Kikosi cha 7, ambacho sehemu yake iliangamizwa na Walakota na Wacheyenne, wenyeji asilia wa nchi hiyo, huko Little Bighorn mwezi Juni 1876, kilijaa Wairishi, na wimbo wake wa gwaride, Garryowen, ulitoka Ireland. Kapteni Myles Keogh wa Carlow alifia hapo, farasi wake Comanche akapona. Tofauti kubwa na jeshi la Uingereza ni kwamba huko walikuwa wakichukua ardhi ya watu wengine wakati wao wenyewe walifukuzwa katika yao.

Historia hii inagusa Afrika Mashariki popote?

Inagusa kwa pembeni. Tarehe 2 Septemba 1898 huko Omdurman, Sudan, 21st Lancers walishambulia wapiganaji wa Khalifa Abdallahi, mtawala wa Sudan, na kuangukia umati uliojificha kwenye korongo. Kwa dakika chache walipoteza watu 70 na farasi 119, waliokufa na waliojeruhiwa. Thomas Byrne, mkono umepigwa risasi, aligeuka katikati ya mapambano kumwokoa luteni aliyeanguka. Ushujaa huo ni wa kweli, lakini siku hiyo Wasudani wapatao 10,000 waliuawa, wengi wao kwa bunduki na mizinga kabla hawajamkaribia adui.

Mwaka huo huo, kwenye reli ya Mombasa kwenda Uganda, msimamizi wa daraja la Tsavo aliyewaua simba wala watu mwezi Desemba alikuwa John Henry Patterson, mzaliwa wa Longford, Ireland, aliyeingia jeshini akiwa bado kijana.

Nawezaje kupata rekodi za askari mmoja?

Anza Kew, London, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, fungu la WO 97. Humo mna karatasi za kuachishwa jeshi: mahali alipozaliwa, kazi yake ya awali, kimo, rangi ya macho, nchi alizotumikia, makosa na majeraha. Nyingi zimeshawekwa mtandaoni. Bahati njema zilikuwa London, kwa sababu ofisi ya kumbukumbu ya Dublin iliteketea Juni 1922 pamoja na sensa za Ireland za miongo kadhaa. Kwa familia nyingi maskini, karatasi ya mwanajeshi ndiyo pekee iliyobaki kumwelezea mtu kwa sura.

Kabla ya 1883 fungu hilo lina waliopata pensheni tu. Aliyefia kazini, aliyetoroka au aliyejinunua hayumo. Huyo mtafute kwenye orodha za mahudhurio na malipo za kikosi chake, na kwa hizo lazima kwanza ujue namba na jina la kikosi.